Kitabu Kirefu cha Ukerewe

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, kitabu kile kinene kilicho juu ya meza yako ni kitabu gani? Je, ni Biblia?" Mimi huwajibu kwamba si Biblia wala si kamusi, bali ni hadithi moja tu, ya mume na mke na watoto wao wawili. Nao hucheka, maana hawasadiki kwamba hadithi moja yaweza kujaza kurasa zaidi ya 600. Basi leo nitawaeleza habari za kitabu hicho, jinsi kilivyoandikwa, na jinsi kilivyosomwa nyumbani kwangu hapa Singida kwa muda wa miezi saba.

Jina la kitabu ni refu kama kitabu chenyewe. Huitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyekiandika ni Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, kilicho ndani ya lile ziwa kubwa la Nyanza ambalo huitwa pia Viktoria. Mtu atokaye Singida kwenda huko hupita Igunga na Nzega na Shinyanga hata afike Mwanza, kisha huvuka maji kwa meli mpaka Nansio. Nchi ile haifanani na yetu. Sisi tuna majabali na upepo, na mtama na uwele, na mvua ya msimu mmoja. Wao wana migomba na mihogo na samaki, na maji pande zote.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisoma kwanza katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa ng'ambo ya ziwa, katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko miaka 10. Huko alijifunza Kilatini na Kijerumani na Kiswahili, na mambo mengine mengi. Hakuwa padre. Alirudi kwao, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura. Akafanya kazi ya ukatekista na ya kuwafasiria mapadre maneno na maandiko. Hebu kumbukeni jina la huyo mke, Anna, maana nitalirudia mbele.

Kitereza aliona kwamba desturi za wazee zinapotea upesi, na lugha ya Kikerewe inachanganyika na lugha nyingine. Akafikiri jinsi ya kuwawekea watoto wa kesho mambo ya jana. Angaliweza kuandika orodha: arusi hufanywa hivi, maziko hufanywa hivi, pombe ya ndizi hupikwa hivi. Wengi wamefanya hivyo, na vitabu vyao husomwa na wataalamu tu. Yeye akachagua njia nyingine. Akatunga habari za nyumba moja, nyumba ya Myombekere, katika siku zilizotangulia kuja kwa Wazungu, na desturi zote akazipitisha katika mlango wa nyumba hiyo. Akamaliza kuandika mwaka 1945.

Je, mwajua kilipigwa chapa lini? Mwaka 1980! Kitabu kilingoja miaka 35. Hakupatikana mchapaji wa kukubali kitabu kikubwa hivyo kilichoandikwa katika lugha ya watu wachache. Padre mmoja mzaliwa wa Kanada, Almas Simard, aliyekuwa amemtia moyo sana mwandishi, alianza kukifasiri kwa Kifaransa, lakini akafa kabla kitabu hakijatoka. Baadaye, katika miaka ya 1960, walifika kisiwani Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuja kutafuta habari za kale za Wakerewe. Nao wakamsaidia kutafuta njia. Ndipo mzee Kitereza, ambaye sasa viungo vyake vilikuwa vimekazwa na ugonjwa wa baridi yabisi, akaketi tena, akakifasiri yeye mwenyewe kitabu chote kwa Kiswahili, toka neno la kwanza hata la mwisho. Fikirini kazi hiyo. Ninyi nikiwapa insha ya kurasa mbili kuiandika upya kwa sababu ya makosa, mwanung'unika.

Kampuni ya Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakubali kukitoa, na kikapigwa chapa huko China. Mwaka 1981, kabla kitabu chenyewe hakijamfikia mkononi, mwandishi akafariki dunia. Tangu hapo kimefasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatolewa kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe.

Sasa nitasema juu ya kukisoma.

Nakala yangu nilipewa na rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye kwao ni Ukerewe. Jalada lilikuwa limeng'oka, na kurasa zake zilikuwa zimekuwa rangi ya udongo. Akaniambia, "Usikisome kwa haraka." Mimi sikumsikiliza. Nilikuwa nimezoea vitabu vyembamba. Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa mfano, mtu aweza kukimaliza kwa siku moja ya likizo, akabaki na mawazo ya mwaka mzima. Basi nikaanza kitabu cha Kitereza kwa mwendo ule ule, nikakwama kabla ya ukurasa wa 60.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza ni majina. Kila aingiaye nyumbani ana jina, na baba yake ana jina, na pengine ng'ombe wake ana sifa zake. Dawa yake nimeipata, nayo ni rahisi: chukueni daftari, na kwenye ukurasa wa mwisho andikeni kila jina jipya, na mbele yake neno moja la kumtambulisha, kama vile "baba mkwe" au "mganga." Baada ya wiki mbili hamtalihitaji tena, kama vile mgeni asivyohitaji kuulizia majina ya majirani akiisha kukaa kijijini msimu mmoja.

Sababu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Kitabu hakina haraka. Mtu akienda kumtembelea mwenziwe, Kitereza hasemi, "Akaenda, akasalimu, akarudi." Atawaambia alivyotoka, na aliyekutana naye njiani, na salamu walizopeana, na kiti alichokalia, na chakula alicholetewa, na jinsi alivyonawa. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, mtakuwapo toka kuvundikwa kwa ndizi hata kulewa kwa wageni. Nilikasirika. Nikasema moyoni, Mzee huyu aliona karatasi ni bure? Hata sasa, nikisema kweli, ziko sehemu ambazo ningeziona bora kama zingepunguzwa. Tena Kiswahili chake kina ladha ya Kikerewe, na mara nyingine sentensi hukaa kama mgeni asiyejua apitie mlango upi. Basi nikakifunga, nikakiweka juu ya kabati.

Aliyekishusha ni mke wangu.

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo watu wa kijiji hiki wote wanalijua, hata ninyi mnalijua, ijapokuwa kwa adabu hamlisemi. Mimi na mke wangu tumeoana miaka 14, nasi hatujapata mtoto. Hapa kwetu mwanamke akiisha kuzaa huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Neema, Mama Daudi. Mke wangu huitwa "mke wa mwalimu" mpaka leo. Hakuna asemaye neno hilo kwa ubaya. Walakini mtu akiitwa hivyo kisimani, na sokoni, na kanisani, kwa muda wa miaka 14, lina uzito wake.

Na mwaka ule, mnamo mwezi wa Agosti, mama yangu mzazi, atokaye Iramba, alikuwa ameniita kando akaniambia neno. Sitalirudia. Yatosha kusema kwamba alitaja jina la binti wa watu fulani, akasema kwamba baba yangu angalikuwa hai asingalinyamaza. Sikumjibu, maana hatukufundishwa kuwajibu wazee. Wala sikumwambia mke wangu. Lakini nyumba ina masikio.

Basi mwezi wa Novemba, siku za mvua za kwanza, mke wangu akakishusha kitabu ili apanguse vumbi, akakifungua penye mwanzo, akasoma akiwa amesimama, na kitambaa mkononi. Niliporudi toka shule nilimkuta bado amesimama. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umekisoma hiki?" Nikamwambia kwamba kilinishinda. Akasema, "Hukuona kinahusu nini?"

Nilikuwa nimeona, bila shaka. Myombekere na Bugonoka ni watu wapendanao, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanaingia kati kwa maneno makali. Wanataka aoe mke mwingine, na mke aliyepo wanamdharau. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii kusikia binti yao akitukanwa. Wanamchukua, wanarudi naye kwao. Mume anabaki peke yake katika nyumba yenye jiko baridi. Hayo yote niliyasoma kwa macho, nikayapita upesi, kama mtu apitaye karibu na nyumba yenye ugomvi. Yumkini ndiyo sababu ya tatu ya kitabu kunishinda, nami sikuitaja hapo juu.

Tangu usiku ule tukakisoma pamoja. Nilisoma kwa sauti, kurasa tano kila usiku baada ya chakula, kwa taa ya mwanga wa jua. Kurasa tano hazichoshi. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwendo wa kitabu si kosa. Ni mwendo wa mtu asimuliaye jioni, ambaye kesho atakuwapo tena. Asomaye peke yake kwa haraka huona salamu zinarudiwa; asikiaye baada ya kazi za mchana huzipokea kama salamu.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya kulima, kama desturi yake ya kila mwaka. Hajui kusoma, ila Kiswahili anakisikia vizuri. Usiku wa kwanza alikaa karibu na mlango akichambua karanga. Nilipofika mahali pale ndugu wa mume wanapomsema mwanamke, sauti yangu ilitaka kukwama, lakini nikaona nikiruka maneno hayo mke wangu atajua, na mama yangu pia atajua. Nikayasoma yote. Mama akaondoka, akaenda jikoni. Tukamsikia akipanga vyungu ambavyo vilikwisha kupangwa.

Usiku wa pili hakuja. Usiku wa tatu alikuja mapema kuliko sisi, akaketi, akauliza, "Yule mwanamume wa ziwani, je, amekwenda kumfuata mkewe?"

Amekwenda. Nami nawaambia, sehemu hiyo ni bora katika kitabu kizima, kwa maoni yangu. Myombekere anakwenda kwa wakwe zake, naye anajua ana deni la maneno ambayo hakuyasema yeye. Baba mkwe, Namwero, hamfukuzi. Lakini hamrudishii mke bure. Anamtoza faini ya pombe ya ndizi, nyingi. Na mwanamume huyo ambaye hana mke wa kumsaidia inambidi azunguke kwa jamaa na majirani, aombe ndizi, aombe mikono ya kufanya kazi, aombe vyombo. Ndiyo maana ile habari ya pombe ni ndefu hivyo! Nilipoisoma peke yangu niliiona ni somo la upishi. Nilipoisoma mara ya pili, nikiwa na hao wanawake wawili wakisikiliza, niliona kwamba kila mtungi ni neno la kuomba radhi, na ya kwamba kijiji kizima kinalipa pamoja naye. Mama yangu akawa anahesabu. "Haijatosha," alikuwa akisema. "Namwero ana haki. Asiikubali mpaka itoshe."

Mke wangu alikuwa akishona, hakuinua uso.

Baada ya hapo wanarudiana, wanakwenda kwa mganga Kibuguma, nasi tunasoma habari za mizizi na masharti na kungoja. Tunazo leo hospitali, na mambo mengi ya dawa hizo si ya kufuatwa. Lakini kule kungoja hakujabadilika. Wiki zikapita. Mtama wetu ulikuwa umefika kiunoni. Ilipofika siku ya kuzaliwa mtoto, Ntulanalwo, mama yangu akapiga vigelegele peke yake sebuleni, hata jirani akaja na mwavuli kuuliza kuna heri gani. Mke wangu akacheka pamoja nao. Kisha akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Nikataka kukifunga kitabu. Nikaona nimefanya ukatili kuleta nyumbani hadithi ambayo ndani yake mwanamke aliyengoja anapata, ili isikilizwe na mwanamke aliyengoja naye hakupata. Akarudi, nguo zake zimelowa mvua mabegani, akaniona nimekifunga. Akasema, "Soma, Mwalimu. Tumemngoja mtoto huyu tangu mvua za kwanza."

Siku chache baadaye nilisoma mahali pengine habari za maisha ya mwandishi, nami nikajua jambo ambalo sikulijua. Kitereza na Anna walizaa watoto, nao wote wakafa wangali wadogo. Hakubaki hata mmoja. Naye hakumwacha Anna. Mtu huyo ndiye aliyeandika mamia ya kurasa juu ya nyumba isiyo na mtoto, na jinsi mtoto alivyokuja, na alivyougua, na alivyopona, na alivyokua. Nilimwambia mke wangu habari hizo asubuhi, tukiwa shambani. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, kisha akasema, "Basi alijua alichokisema."

Sehemu ya pili ya kitabu, ambayo ni ya Ntulanalwo na umbu lake Bulihwali, niliiona inakwenda kwa kasi zaidi, labda kwa kuwa tulikuwa tumezoea. Watoto wanakua, wanaoa na kuolewa, wana makosa yao. Sitawaeleza, msomaji apate kitu cha kusoma. Lakini jambo moja ninapenda mlijue, kwa kuwa haliwezekani katika kitabu chembamba. Bugonoka tuliyemjua kijana, ambaye baba yake alimshika mkono akamtoa nyumbani kwa mumewe, tunamwona anazeeka. Mwandishi haandiki, "Miaka mingi ikapita." Miaka inapita kweli, maana nasi tumepitisha miezi. Mataifa mengine nayo yana vitabu vya namna hii; Mjerumani Thomas Mann alitoa mwaka 1901 Buddenbrooks, habari za nyumba moja ya wafanyabiashara wa nafaka kwa vizazi vinne. Watu wake ni mbali nasi, wana mawaidha ya fedha na hesabu. Lakini msomaji hupata jambo lile lile, kuzeeka pamoja na watu ambao hakuwaona kamwe.

Wale wazazi wawili walipokufa, mama yangu alikataa tusisome usiku uliofuata. Nilimwambia, "Mama, hawa ni watu wa kitabuni." Akanijibu, "Nimekaa nao tangu masika yaanze. Watu hawafi leo, na kesho mkaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kitu." Basi taa haikuwashwa sebuleni kwa siku mbili. Katika siku mbili hizo, mama na mke wangu walikaa jikoni. Nilisikia mama akimsimulia jambo ambalo mimi, mwanawe, sikupata kulisikia: kwamba alikaa miaka minne katika nyumba ya baba yangu kabla ya kunizaa mimi, na ya kwamba nyanya yangu alikuwa amekwisha kumtafutia baba binti mwingine. Alitaja jina la binti huyo. Wakacheka wote wawili, wala sikujua wanachekea nini.

Tulimaliza kitabu mwezi wa Mei, mtama ukivunwa. Mama akarudi Iramba. Neno lile la Agosti hakulirudia, wala hakuliondoa. Si desturi ya wazee kuondoa neno. Mke wangu angali anaitwa mke wa mwalimu.

Novemba iliyofuata mama akaja tena, na mzigo wake wa karanga, na jembe lake. Usiku baada ya chakula akaketi mahali pake, akauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia, "Mama, tulikisoma chote mwaka jana, hata mwisho."

Akasema, "Anza mwanzo. Usiku ule wa kwanza nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri."